Wasomaji Wanauliza: Kujenga shule kijijini vita ikiwa haijaisha

SWALI: Ndugu wahariri, sisi ni kikundi cha kanisa. Ndugu zetu wa Kivu Kusini, Kongo, wamerudi kijijini wakakuta madarasa mawili yamebomolewa. Tumechanga fedha. Tuwanunulie saruji na kuwapelekea fundi wetu? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Msinunue kitu bado. Kazi waishike wenyewe, fedha iwafuate. Afghanistan ilipoanzisha mpango wa namna hii mwaka 2003, kijiji kilichagua kamati kwa kura ya siri, kikapewa takriban dola 200 kwa kaya, ukomo 60,000, nacho kikachangia angalau asilimia 10 ya gharama, hata kwa nguvu kazi. Mchango huo msiuone mdogo: aliyebeba mawe hanyamazi mifuko ikipotea.

Basi uitishwe mkutano wa kijiji, ichaguliwe kamati yenye wanawake wanaoshika fedha kweli. Kiwanja kiandikiwe hati, majirani wa pande zote watie saini, maana wakimbizi wakirudi ndipo ugomvi wa mipaka huibuka. Na kabla ya kugusa kifusi, eneo likaguliwe. Bomu lisilolipuka haliguswi wala halisogezwi. Waweke alama kwa mbali, wazuie watoto, wawaite wategua mabomu.

Tumeni kwa awamu: msingi, kuta, paa. Awamu inayofuata itoke baada ya risiti za iliyopita kusomwa mkutanoni. Saruji wanunue ya kutosha kazi ya wiki mbili tu. Ikikaa miezi mitatu penye unyevu hupoteza nguvu, na stoo iliyojaa huvuta wenye silaha.

Mbeya tumezoea tanuri la matofali, lakini kule kutafuta kuni ni kuhatarisha maisha, hasa ya wanawake. Tunashauri tofali la udongo na saruji, la kushindilia kwa mashine ya mkono: ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 12 hadi 15 za udongo wa kichanga. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, uongezwe mchanga. Maji ndiyo huwashinda wengi. Finyanga donge la mchanganyiko, liachie toka usawa wa kifua lianguke pagumu. Likivunjika vipande vitatu au vinne, maji yametosha. Likisambaratika, bado kavu. Likibonyea tu, yamezidi. Mchanganyiko uishe ndani ya saa moja, kabla saruji haijaanza kushika. Matofali yafunikwe turubai na kumwagiliwa siku 7, yajengewe baada ya siku 28. Wakiharakisha hapa, kona zitamomonyoka mvua za kwanza tu.

Fundi wenu abaki Mbeya. Arekodi hatua hizi kwa simu, awatumie vijana wa kijiji. Ndio watakaokuwepo ukuta ukihitaji ukarabati.

SWALI: Sisi mbao tunazo. Tupeleke za paa la shule hiyo ya Kongo? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Hapana. Usafiri, ushuru wa mpakani na vizuizi vya njiani vitakula fedha kuliko mbao zenyewe. Wanunue huko huko, zikiwa kavu na zimetiwa dawa ya mchwa. Na kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa hoop-iron (utepe wa chuma) iliyozamishwa angalau kozi (safu za matofali) tatu chini ya lenta, upepo usije ukaondoka na bati.