Daktari wa mwanangu yuko ng'ambo ya ziwa

Juzi mama mmoja wa Sengerema ameniandikia: "Dada, mwanao ana sikoseli na mnaishi kisiwani, amefikaje darasa la saba?" Nilicheka peke yangu. Wapo watu, tena wa ukweni, walioniambia nisihangaike kumnunulia sare mtoto ambaye hataliona darasa la pili. Sijawasahau. Matokeo yalipotoka niliwatumia mmoja mmoja, na kidole changu hakikutetemeka.

Sisi tuko Ukerewe. Kliniki yetu ya selimundu, ndiyo hiyo sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko Mwanza, hospitali ya Bugando. Kwenda ni meli, nauli, mahali pa kulala, chakula, na duka limefungwa. Halafu ugonjwa huu haungoji tarehe ya kliniki: mtoto anaamka usiku viungo vinamkata, na meli ni ya kesho. Daktari wake ndiye aliyesema kliniki nyingine tuzifanye kwa simu, Mwanza twende kwa vipimo vikubwa. Picha kamili ya damu anapimwa hapahapa kisiwani, naipiga picha karatasi ya majibu naituma WhatsApp, naye anaamua dozi ya haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, ibaki au ibadilike. Dawa hiyo huenda na uzito wa mtoto, na inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana vipimo havikwepeki. Wanaowaambia inaua watoto, waambieni kuna utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa 2019: watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, malaria, kuongezewa damu, hata vifo.

Sasa ushauri. Msimwandikie daktari "dokta mtoto anaumwa" halafu kimya. Mimi naandika uzito, joto, panapouma, kumeanza lini, amekunywa dawa gani na saa ngapi. Video napiga mchana, nje kwenye mwanga, macho yaonekane kama yamekuwa ya manjano na viganja kama vimepauka. Taa ya ndani inadanganya. Na kipimajoto kinunuliwe kabla ya bando, mama, tafadhali.

Alipokuwa mdogo, daktari alinifundisha kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu, nikiwa nimeegemeza simu kwenye sufuria. Mume wangu alisema najifanya nesi. Mwaka uleule ilivimba ghafla, na mkono wangu ndio ulioiona kabla ya mtu yeyote. Siku hizi hasemi.

Lakini nisikilizeni vizuri, maana kuna wazazi wameshaigeuza simu kuwa hospitali. Simu haiongezi damu. Homa ikifika nyuzi 38, pumzi zikibana, bandama ikikua, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, maumivu yakikataa dawa, toka nyumbani uende kituo kilicho karibu. Utampigia daktari ukiwa njiani. Kwa wavulana kuna jingine tunaloonea haya: uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Hiyo nayo ni dharura, na mtoto hatasema kama hamkumwambia mapema kwamba aseme.

Nanyi akina baba, bando la kutazama mpira halikosekani, la kliniki ndiyo mnaanza kuhesabu. Mtoto si wa mama peke yake. Selimundu huja kwa vinasaba vya wazazi wote wawili, kwa hiyo acheni kuulizana ukoo gani umeleta balaa. Ukweni kwangu walilijua hilo mbele ya daktari, kwa spika, na mimi nilikaa kimya nikamenya viazi.

Mkianza utaratibu huu, ulizeni mapema daktari anapokea simu siku gani na saa ngapi, na dawa mtazipata wapi mkiwa huku. Ombeni na namba ya zamu. Madaktari nao huenda likizo.