Kabla hujalipia mafunzo ya udaivumasta, kazame na kituo chenyewe kwanza

Siku ya kwanza kuongoza watu peke yangu nilikuwa na wazamiaji wanne nyuma yangu, na maji yalikuwa yameanza kukimbia. Mkondo ulitukuta tukiwa mita 18 chini. Nilipogeuka kuwahesabu, nikaona watatu. Nikatazama juu, nikatazama pembeni, mwisho nikaona mapovu yakipanda nyuma ya mwamba. Wa nne alikuwa ameung'ang'ania mwamba kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anapumua mfululizo na geji yake ya hewa inashuka. Tulitoka wote salama. Nilipopanda botini mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nilijua kwamba cheti cha udaivumasta, yaani cha kiongozi wa wazamiaji, ninacho lakini kazi siijui. Nilikuwa nimejifunzia mahali ambapo maji yametulia kama ya bwawa na unaona hadi mita 30 mbele yako. Hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kupanga watu mkondo unapovuta.

Ndiyo maana ndugu au dada akiniuliza akasomee wapi, simtajii nchi. Namuuliza kwanza anataka kuja kufanya kazi kwenye maji ya namna gani.

Wengi huanza na swali la chama kinachotoa vyeti vya uzamiaji: PADI, iliyoanzishwa 1966, au SSI ya 1970? Swali hilo lisikuchukulie muda mrefu. Kuna kiwango cha kimataifa cha kiongozi wa wazamiaji, ISO 24801-3, na vyama vikubwa vinafundisha kwa kukifuata. Tazama tu vituo unavyotamani vije vikuajiri vinatumia chama gani, ufuate hicho.

Masharti nayo hayabadiliki ukihama kituo. Kwa PADI, kwa mfano, uwe na miaka 18, uwe umemaliza kozi ya uokoaji, uwe na mafunzo ya huduma ya kwanza uliyopata ndani ya miezi 24 iliyopita, na daktari awe amekupima ndani ya miezi 12. Unaanza ukiwa na mbizi 40 na unamaliza ukiwa nazo 60. Utaogelea mita 400 bila kifaa chochote, mita 800 kwa barakoa, mrija na mapezi, utaelea wima dakika 15, na utamvuta mwenzako mita 100. Utachora ramani ya eneo la kuzamia, na utabadilishana vifaa na mwenzako chini ya maji huku mnapokezana chanzo kimoja cha hewa. Hayo yote utayakuta popote. Ila mtu mwenye mbizi 60 bado ni mchanga sana kwenye kazi hii, na tofauti kati ya kituo na kituo iko hapo: nani atakuwa karibu yako wakati uchanga huo unakutoka, na katika maji gani.

Kwa hiyo nenda kama mteja. Lipia mbizi mbili, usiseme kwamba unatafuta mahali pa kusoma, kisha fungua macho.

Wakikupokea, je, wanaliomba daftari lako la mbizi na kuuliza ulizama lini mara ya mwisho, au wanachukua saizi ya mapezi tu? Botini, wanahesabu vichwa au wanaita majina? Vichwa hukosewa kirahisi, maana mtu mmoja akihama upande anahesabiwa mara mbili. Anayeita jina na kusubiri kuitikiwa hawezi kumwacha mtu baharini. Omba kuonyeshwa oksijeni ya dharura, na wakikuonyesha, omba waufungue mtungi uone geji inasoma nini. Nimewahi kuona sanduku la oksijeni safi kabisa, limepakwa rangi, ndani mtungi mtupu.

Chini ya maji mtazame kiongozi wenu. Anageuka nyuma mara ngapi? Anayependa kutangulia akipiga picha, wewe ukiwa mwanagenzi wake utajifunza kutangulia ukipiga picha.

Hewa nayo ina mambo yake. Ivute kidogo kabla hujaingia majini. Ikinuka mafuta, usizame. Lakini pua haitoshi, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu wala ladha, na kina kinaizidishia makali. Nenda nyuma ya kituo ukaone kompresa, mashine ya kujaza hewa mitungini, inavuta hewa kutoka wapi. Bomba lake likiwa karibu na moshi wa injini au mahali magari yanapoegeshwa, hapo nakushauri uondoke. Uliza hewa ilipimwa lini na vichujio vilibadilishwa lini. Mwenye kituo makini atafurahi kuulizwa, tena atakufungulia daftari la matengenezo bila kusitasita.

Ukiridhika, tafuta wanagenzi walio katikati ya mafunzo, ukae nao mbali na wenye kituo. Usiwaulize kama wanafurahia. Waulize jana walifanya nini, na juzi walifanya nini. Kubeba mitungi, kuosha vifaa na kufunga boti ni sehemu ya kazi, na daivumasta anayejiona mkubwa kuliko mtungi simwamini. Lakini mtu akikuambia wiki ya tatu hii hajashika mgeni hata mmoja, ujue anatumika kama kibarua. Jihadhari zaidi na mafunzo ya “bure” ambayo unayalipia kwa kazi. Yapo ya haki, nami nawajua watu waliotoka vizuri huko, ila makubaliano yawe kwenye maandishi: wiki ngapi, mbizi ngapi, mkufunzi gani atakusimamia, na nini kitatokea ukiugua sikio ukashindwa kuzama siku kumi.

Uliza pia mkufunzi mmoja ana wanagenzi wangapi. Wakiwa kumi na wageni ni watatu, mtakuwa mnazama kwa zamu ya kutazama tu. Koh Tao huko Thailand na Utila huko Honduras zinajulikana kwa vituo vingi vya mafunzo. Uzuri wake ni kwamba wanaoanza ni wengi, na mtu anayeanza ndiye atakayekufundisha kusoma hofu usoni kabla haijafika mikononi. Ubaya ni msongamano. Cozumel huko Mexico utajifunza kuzama kwa kufuata mkondo, na Dahab huko Misri utajifunza kuingia baharini kwa miguu kutoka ufukweni. Chagua kwa kupima unapungukiwa nini, na kama umekulia maji matulivu, yakimbie kwa makusudi.

Kozi yenyewe inaweza kubanwa ikaisha ndani ya wiki chache. Kwa maoni yangu usikubali. Kaa miezi miwili au mitatu uyaone maji ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, siku za wageni wengi na siku za wageni wawili tu, kisha uone wenye kituo wanaamuaje hali ya hewa ikibadilika.

Jumlisha gharama zote mapema: kitabu, ada ya chama ya kusajiliwa na ya kila mwaka, vifaa vyako mwenyewe, malazi, na bima ya ajali za uzamiaji. Uliza chumba cha shinikizo cha kutibu wazamiaji kiko umbali gani na mgonjwa anafikishwaje. Na kama unasomea nchi ya ugenini, kumbuka cheti cha chama hakikupi ruhusa ya kuajiriwa huko. Cheti hicho hakikupi ruhusa ya kufundisha kozi ya wanaoanza pia, hiyo ni kazi ya mkufunzi, na kwa PADI utahitaji mbizi 100 na iwe imepita miezi 6 tangu upate cheti chako cha kwanza cha uzamiaji.

Baada ya siku ile ya mwamba nilitafuta mahali pa kujifunza upya. Nilikuwa nimebakiwa na swali moja tu la kumuuliza mkufunzi: “Mara ya mwisho kuahirisha safari ilikuwa lini, na kwa nini?” Wawili wa kwanza walicheka, mmoja akasema hapa kwetu huwa hatuahirishi. Wa tatu alikuwa anakunja kamba, hakuinua hata kichwa. “Jana,” akasema. “Nilikuta mkondo unalizamisha boya, nikawarudisha watu na pesa zao.” Nikalipa ada jioni ile ile.