Tochi, na isiwe ile ya simu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani kidogo ambacho hutoki nyumbani bila kukibeba, na kwa nini?" Jibu langu ni tochi. Nasema tochi yenyewe, yenye mawe yake na swichi yake, siyo ule mwanga wa nyuma ya simu.

Mimi ni mfanyabiashara wa nyanya. Nanunua Ilula, mkoani Iringa, na kupeleka sokoni Dar es Salaam. Nyanya hazivumilii kushinda juani, kwa hiyo Fuso hupakiwa mchana, matenga yakafungwa vizuri, jioni tukateremka mlima Kitonga na kukesha njiani ili alfajiri tuwe mjini. Anayeijua barabara hiyo iendayo Zambia anajua usiku kuna nini: malori ya tela yanayopanda mlima kwa kujikongoja, mengine yamekufa palepale kwenye njia, bodaboda zisizo na taa ya nyuma, na watembea kwa miguu waliovaa nguo nyeusi wakipita pembeni kabisa ya lami.

Wengi wakisikia tochi wanafikiria kuona. Barabarani usiku, kazi yake ya kwanza ni kuonekana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akiwa ameshusha taa, anaona vizuri mita 40 hivi mbele yake, labda zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba tangu mwanga wake ukuguse mpaka akufikie ni kama sekunde mbili tu, na moja kati ya hizo inaliwa na kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Akiwa na tani kadhaa mgongoni, hawezi kusimama hata akitaka. Lakini nukta ya mwanga inayocheza gizani anaiona kutoka mbali sana, akaondoa mguu kwenye mafuta mapema, tena bila hasira.

Dereva wangu, mzee aliyezeeka na malori, ana kanuni yake kuhusu hili, na anairudia kwa kila mtu anayepanda gari letu. "Mama, usimmulike mtu usoni," huniambia. "Mulika miguu yako mwenyewe, halafu tembea." Ana haki kabisa. Ukimpiga mtu mwanga wa macho usiku unampofusha, na aliyepofushwa hujikuta akielekea hukohuko uliko. Tena taa moja iliyosimama tuli inaweza kuwa chochote: pikipiki, nyumba, kibanda cha mkaa. Miguu miwili inayotembea ikiwa imemulikwa haiwezi kuwa kitu kingine. Ubongo wa binadamu unautambua mwendo wa binadamu haraka mno, na ndiyo maana vitu vya kuakisi mwanga vikivaliwa vifundoni na magotini vinasaidia kuliko vikiwa kifuani peke yake.

Safari moja tairi la ndani la nyuma lilipasuka karibu na Ruaha Mbuyuni. Kwa wasiolijua Fuso, nyuma tairi huwa mawili mawili, na la ndani halitoki mpaka la nje litolewe kwanza. Hapo unazungumzia jeki kwenye udongo laini, wili spana yenye bomba refu la kuongezea nguvu, na nati ambazo zikiangukia mchangani ni za kutafuta kwa vidole. Utingo alikuwa amevaa tochi ya kichwani, mikono yake yote miwili iko huru. Nati alizitia kwenye kofia yake, moja baada ya nyingine, na kila alipogeuza kichwa mwanga ulikwenda naye mpaka kwenye uzi wa boliti. Mimi nilikuwa nyuma, mbali na gari, upande wa nje wa lami, na tochi ya mkononi nikimulika chini. Malori yalipita yakipunguza mwendo na kuhamia upande wa pili. Mmoja alipiga honi fupi ya kushukuru.

Hebu ifanyeni kazi hiyo kwa simu. Utaishika kwa meno? Ukiilaza chini inamulika mbingu. Mwanga wake unatawanyika, haufiki mbali, unakula chaji, na simu hiyohiyo ndiyo unayoihitaji kumpigia fundi, mwenye mzigo, au watu wa nyumbani wasiolala. Kuna vipande vya njia ambavyo mtandao unapatikana ukipanda kichuguu tu. Chaji ikiisha hapo umekwisha nayo. Sijataja kwamba kunyoosha simu ya bei kando ya barabara usiku ni kuwaita wanaoitafuta.

Askari wa usalama barabarani anaposimamisha gari huulizia pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto. Ni sawa, na mimi ninavyo. Ila pembetatu haina mwanga wake, inasubiri kumulikwa, na ya kwangu imewahi kulazwa na upepo wa basi. Madereva wengi bado hutegemea matawi ya miti yanayotandazwa barabarani kuonya kwamba mbele kuna gari limekwama. Matawi siyapingi, kila dereva wa kwetu anaelewa maana yake. Ninachokichukia ni yale mawe ya kuzuia magurudumu yanayoachwa juu ya lami gari likishatengenezwa. Tochi ingetumika dakika moja kuzunguka gari kabla ya kuondoka, mawe yangeonekana na yangetolewa. Mwendesha bodaboda anayekuja nyuma yako usiku wa manane hana namna ya kujua kwamba ulikuwepo hapo.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna utaratibu mwingine. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama hawana ratiba. Gari likigoma humo, mulika kwanza kutoka ndani ya kabini, pande zote, taratibu. Macho ya swala na nyati hung'aa yakipigwa mwanga. Ya tembo usiyategemee, huyo mtafute kwa umbo lake. Mkiwa na shaka, kaeni ndani na hazadi, zile taa za dharura za kumetameta, zikiwaka mpaka msaada ufike.

Tochi hiyohiyo nyumbani inalala kwenye msumari kando ya mlango, mahali pamoja, kila siku, ili mkono uipate bila macho. Umeme ukikatika hakuna anayepapasa kibiriti. Anayekwenda choo cha nje anamulika njia hatua kwa hatua, kwa sababu nyoka aina ya kifutu hakimbii mtu akija. Hutulia palepale njiani akitegemea rangi yake imfiche, na anayemkanyaga ndiye anayeumwa. Mkisikia harufu ya gesi jikoni, au mafuta yamemwagika chini ya gari, msiwashe kiberiti kuchungulia, wala msibonyeze swichi yoyote hapo, hata ya tochi. Iwasheni mkiwa mbali, nje, ndipo msogee, na kama harufu ni kali msisogee kabisa.

Ya kununua? Haihitaji kuwa ya gharama. Napenda inayotumia betri ndogo za AA, maana hizo hata duka la kijijini halikosi. Zile zisizotumika muda mrefu zitoeni, zikivuja zinaacha unga unaokula chuma cha ndani na tochi haiwaki tena. Ya kuchaji nayo ni nzuri, ila msiiache kwenye dashibodi juani kutwa nzima, joto linaua betri yake. Na msinunue kwa kushindana ukali wa mwanga. Ya wastani inayodumu usiku kucha inamfaa mtu wa njiani kuliko kali inayozimika baada ya saa moja.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa wenye mabasi. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu karibu miaka 30, na sasa tunayakuta yameharibika gizani, abiria wameshuka, akina mama na watoto wamesimama kwenye lami nyuma ya basi kwa sababu ndipo penye mwanga wa taa zake nyekundu. Mpeni konda tochi mbili. Moja awatoe nayo abiria, awapeleke upande wa nje wa barabara, mbali na basi, nyingine arudi nayo nyuma akasimamie magari yanayokuja. Bei ya tochi mbili haifiki hata nauli ya abiria mmoja wa Mbeya.