Oksijeni ina majina mawili

Unaweza kudhani kwamba Wajapani walichukua istilahi zao zote za sayansi kutoka China, lakini si kweli, kwani nyingi walizibuni wenyewe kwa herufi za Kichina walipokuwa wakitafsiri vitabu vya Kiholanzi. Waliotafsiri kitabu cha anatomia kilichotolewa mwaka 1774 waliunda neno shinkei, yaani neva, kwa kuunganisha herufi ya roho na ile ya njia. Baadaye msomi Mjapani Udagawa Yōan (1798–1846) alilifumua neno la Kiholanzi zuurstof, yaani oksijeni, ambalo sehemu zake ni uchachu na maada, akapata sanso, «elementi ya asidi». Kosa la mwanakemia Mfaransa Lavoisier, aliyeamini kwamba kila asidi ina oksijeni, limehifadhiwa hadi leo ndani ya neno hilo, jambo ambalo binafsi linanigusa sana.

Wachina walifuata njia nyingine: Mchina Xu Shou na Mwingereza John Fryer, waliofanya kazi pamoja Shanghai, walipendelea herufi moja kwa kila elementi. Herufi ya leo ya oksijeni, yang, ina alama ya gesi juu na ya kondoo chini. Kondoo huyo, ambaye kwa Kichina pia huitwa yang, ameazimwa kwa sauti tu, kwani jina la awali lilikuwa «gesi inayolisha», na neno la kulisha nalo hutamkwa yang.

Safari ilikuwa ya pande zote mbili. Neno la kemia, huaxue, lilitoka China likawa kagaku huko Japani, ilhali neno la sayansi yenyewe, ambalo Kijapani hulitamka pia kagaku kwa herufi tofauti, lilitoka Japani likaingia China.