Ng'ombe ni wa Kiingereza, nyama ni ya Kifaransa

SWALI: Mhariri, ng'ombe kwa Kiingereza ni "cow" lakini nyama yake ni "beef", kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Sisi twasema nyama ya ng'ombe, basi. Je, ni kweli kwamba wachungaji walikuwa Waingereza na walaji Wafaransa?

JIBU: Ni kweli nusu. Majina ya mnyama ni ya Kiingereza cha asili, na ya nyama yalitokana na Kifaransa cha Wanormandi, watu wa Normandia kaskazini mwa Ufaransa, ambao baada ya mtawala wao William kuiteka Uingereza mwaka 1066 waligawiwa mashamba na vyeo, hata Kifaransa kikawa ndiyo lugha ya wakubwa. Hata hivyo, simulizi la mchungaji na mlaji limenyooshwa mno, kwani kwa karne kadhaa "beef" na "mutton" yalitumika pia kumtaja mnyama mzima, akiwa angali na kwato zake malishoni, na mgawanyo tunaoujua leo ulikuja kukazwa polepole.

Mimi huona ajabu zaidi katika yai. Kabla ya Wanormandi, Waskandinavia walikuwa wamekwisha kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, na kwao Kiingereza kilikopa hata kiwakilishi "they", ingawa viwakilishi ni katika maneno ambayo lugha hukopa kwa nadra sana. Neno "egg" nalo ni lao. Waingereza wa kusini walikuwa na lao la asili, ambalo kwa wingi lilikuwa "eyren".

William Caxton, aliyeanzisha uchapaji wa vitabu nchini humo, alisimulia mwaka 1490 habari za wafanyabiashara waliokuwa safarini kwenda Zeeland, katika Uholanzi ya leo, jahazi lao likakwama kwa kukosa upepo wakiwa bado Uingereza, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja aliingia katika nyumba akaomba "egges". Mama mwenye nyumba akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara alikasirika, maana hata yeye hakukijua. Alichotaka ni mayai tu. Mwingine alipotamka "eyren", mama akasema sasa ameelewa vizuri.

Baadaye "eyren" lilitoweka, "egg" likabaki. Mama yule hakukosea kusikia ugeni katika neno lile. Alikosea tu kulitaja kuwa la Kifaransa.