Pangoni walisaidiana, darasani je?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha darasa la tano hapa Tanga. Mwezi uliopita tuliwapeleka wanafunzi Mapango ya Amboni. Mule ndani mwongozaji alizima tochi, tukabaki gizani tunasikia popo tu juu ya vichwa. Tulipotoka, kijana wangu mmoja mgomvi, asiyeazima mtu hata kifutio, alivua ndala zake akampa mwenzake aliyekatikiwa na yake, akatembea peku hadi kwenye gari. Ni bahati tu, au pango limemgusa? Na itadumu? Wenzangu wanasema ziara ni kupoteza hela.
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba uliziona hizo ndala.

Moyo wa mtoto mmoja siwezi kuuapia, ila jambo lenyewe limewahi kupimwa. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Paul Piff na wenzake walichapisha utafiti wao wa Marekani. Katika jaribio moja, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, baadhi ya watu waliitazama mikaratusi mirefu mno kwa dakika moja, wengine wakatazama jengo refu la jirani. Kisha mtafiti akaangusha kalamu, kama bahati mbaya. Waliotazama miti waliokota nyingi zaidi. Wanavyoeleza wao, mtu akisimama mbele ya kitu kinachompita kimo na akili, hujiona mdogo, na yake yakipungua uzito anapata nafasi ya kumwona aliye pembeni.

Mimi nawaamini, kwa kuwa nimefanya ukunga hapa mjini maisha yangu yote ya kazi. Wanawake wamegombea benchi tangu alfajiri, wanasonyana. Mara kichanga kinalia ndani, sauti ya kwanza kabisa. Kimya! Halafu yuleyule aliyekuwa akisonya anafungua kanga yake ya juu, anaipitisha mlangoni: “Mpeni, amekuja mikono mitupu.” Nimeliona hilo mara nyingi, na hadi leo hunitoa machozi.

Kudumu ndiko kwenye kazi. Angalia, zile kalamu zilianguka palepale, watu wakiwa bado na miti machoni. Watoto wakitoka pangoni na kurukia dirisha la gari, hali ile inayeyuka kabla hamjafika mjini. Wape la kufanya hapohapo: wakubwa wabebe maji ya wadogo, kila mmoja amshike mkono asiyekuwa rafiki yake. Na simu, za walimu hasa, zikae mfukoni. Mtu anayejipanga kwenye picha anajitazama mwenyewe.

Wenzako wakibana hela, msisubiri Amboni. Wapelekeni Raskazone bahari ikiwa imekupwa, wakae kimya waone maji yanavyorudi. Nauli yake ni ndogo, na kwa wa Chumbageni hata miguu inatosha.