Mwizi Unayemtafuta Hayumo Jikoni

*"Shangazi, assalaamu alaykum. Mimi ni mfanyabiashara wa Chake Chake, Pemba, nina mke na watoto watano. Miaka miwili iliyopita nilifungua duka la vyakula mbele ya nyumba yangu kwa mtaji wa shilingi 9,000,000. Leo nikitazama rafu sidhani kama bidhaa zinafika 4,000,000, ingawa kuna siku nauza hadi 250,000. Mke wangu ni mfujaji. Nampa posho ya 8,000 kila siku, kiasi kilekile tangu tulipokuwa na watoto watatu, na bado huingia dukani akachota unga, sukari na mafuta bila ya kuniuliza. Umeme nao hauishi kuisha. Juzi nimekuta kabatini mwake kopo la maziwa lenye shilingi 660,000 kamili, nikazichukua nikazitia dukani, naye akalia bila ya kusema neno. Dini imetwambia kuwa wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Nataka nimwondolee matumizi yote nimkabidhi dada yangu. Je, nitakuwa nimekosea?" — Mume Aliyechoka*

Waalaykum salaam, mwanangu. Pole kwa mtaji uliopungua, kwani mtu aliyetia jasho lake katika duka kisha akaliona linapukutika mbele ya macho yake ana haki ya kukosa usingizi. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako ilikuwa ya kurasa nne, wasomaji wameonyeshwa kipande tu, lakini mimi nimezisoma zote mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu na karatasi mkononi.

Unasema zimepotea milioni 5. Katika ukurasa wa pili unanieleza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwaka jana ulinunua pikipiki kwa 2,400,000 "kwa ajili ya biashara", na fedha ulizitoa dukani. Mistari michache baadaye umemchangia rafiki yako harusi kwa 300,000, nazo ni za dukani. Katika ukurasa wa nne unasema wenzako wa barazani unawadai "kama milioni na nusu hivi", na hilo neno "hivi" ndilo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini, kwa sababu mwenye duka anayesema "hivi" juu ya madeni yake hana daftari. Jumlisha mwenyewe: ni 4,200,000. Imebaki 800,000, na pikipiki inakunywa petroli kila siku, na kahawa ya barazani unayowalipia wenzako haitoki mbinguni. Mke wako nimemtafuta katika hesabu hii sikumwona.

Nikupeleke sasa kwenye mchele wako, maana hapo ndipo ulipojisifu. Umeandika kwamba polo la kilo 50 unalipata Unguja kwa 100,000, ukiuza kilo kwa 2,300 unaingiza 115,000, basi unakula 15,000. Lakini polo halivuki bahari kwa miguu yake. Ulipokuwa ukiwalalamikia mahamali wa bandari ya Mkoani uliniambia mwenyewe kuwa nauli ya meli, ubebaji na gari ya kufikisha mzigo Chake Chake vinakugharimu 8,000 kwa kila polo, kwa hiyo faida imekwishashuka hadi 7,000 kabla hujafungua mlango. Mchele huo unaupima kilo kilo na nusu kilo, kila mpimo unaongeza punje kidogo ili mteja aridhike, mwengine unamwagika, mwengine panya anachukua ushuru wake, na anayeuza kwa rejareja asishangae kuona kilo moja na nusu haimo polo linapokwisha. Hiyo ni 3,450. Chako kilichobaki ni 3,550, yaani katika kila shilingi 100,000 za mchele unazopokea, zako hasa ni kama 3,000. Na ikiwa mmoja tu katika wenzako wa barazani amechukua kilo mbili kwa mkopo akasahau kulipa, polo zima umeliuza kwa hasara na jasho lako umempa yeye sadaka.

Ndiyo maana nakwambia kwamba 250,000 unazozihesabu usiku si zako. Ndani yake umo mchele wa kesho, sukari ya kesho kutwa, nauli ya meli na umeme wa friji, na wewe unatia mkono humo kama kwamba droo ni mfuko wa kanzu yako. Wazee walipoandika juu ya kaunta zao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakipamba ukuta.

Tuje jikoni, kwa kuwa ndiko ulikotaka niende. Shilingi 8,000 kwa watu saba. Ukinunua samaki wa kuwatosha, tuseme kwa 5,000 wakati wa bamvua ambapo samaki ni wengi, na nazi mbili, na mboga, na ndimu na tungule, posho imekwisha na bado hakuna aliyekunywa chai. Maji yanapokuwa mafu na samaki wakaadimika, hiyo 5,000 inaleta mkia na kichwa. Asubuhi watoto wanakwenda skuli wakiwa wamekula nini? Wanakula unga na sukari ile unayosema imechotwa bila ya kuulizwa. Watoto walikuwa watatu sasa ni watano, bei zimepanda wewe ukiwa unaziandika kwa mkono wako kwenye vibao vya dukani, na posho imekaa palepale. Mtu anayepandisha bei ya unga kwa mteja lakini hapandishi fedha ya unga kwa mkewe asijiite mwenye nyumba aliyeibiwa.

Umeme nao umenichekesha, kisha umenikasirisha. Friji la soda na barafu liko dukani, duka liko mbele ya nyumba, mita ya umeme ya Tukuza ni moja, na wewe unamgombeza mama watoto kwa taa ya uwani. Chomoa friji siku mbili uone mita inavyotulia. Gharama ya friji ni gharama ya duka, na ilipwe na soda na barafu, na kama soda na barafu haziwezi kuilipa basi uza friji. Nilikuwa Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila ya umeme kwa kuharibika ule waya wa chini ya bahari unaotoka bara. Mtaani kwetu walikuwepo wauza barafu wawili. Mmoja aliwasha jenereta kila siku kwa sababu wateja walikuwa wamejaa mlangoni, akifurahia foleni. Mwenziwe, mwanamke asiyejua kusoma ila tarakimu, alihesabu siku ya pili tu kwamba petroli inakula zaidi ya kinacholetwa na barafu, akafunga jokofu na kuanza kuuza uji. Umeme uliporudi, wa kwanza alikuwa ameuza jenereta kulipia deni la petroli.

Na kuna mfanyakazi wako ambaye hukumtaja kwa jina hilo. Unasema alasiri ukienda kuswali "na kuzungumza kidogo" mkeo hukaa dukani hadi Magharibi. Kijana wa kuajiriwa ungemlipa mshahara, tena ungemlisha. Pango hulipi kwa kuwa nyumba ni yako, mshahara hulipi kwa kuwa mfanyakazi ni mkeo, na hata hivyo duka linazama! Biashara ambayo haiwezi kusimama hata pale inapopewa mlango wa bure na mikono ya bure ina ugonjwa ulioko kwa bwana wake.

Sasa kopo. Hapa nakuomba ukae chini. Umeniambia kwamba mkeo huchoma maandazi alfajiri na watoto huyapeleka kuuza, biashara uliyoiita "ya kujipotezea wakati". Umeniambia pia, kwa kujisifu, kuwa nyumbani kwako Ramadhani haijapata kupungukiwa, futari ipo, tende zipo, na siku ya sikukuu watoto wako huvaa nguo mpya mbele ya watu. Hukujiuliza nani anayenunua. Mtu anayeiba dukani huchota leo 7,000, kesho 3,500, na kopo lake likihesabiwa hutoka na vipande vipande. Shilingi 660,000 kamili ni kitu kingine. Tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hadi Shaaban, mwezi unaoitangulia, ni miezi 11, na ukigawa unapata 60,000 kwa mwezi, ambayo ni 2,000 kwa siku. Mwanamke huyu ameamka alfajiri mwaka mzima, na kila siku katika fedha za maandazi ameweka 2,000 kando, ili mwezi mtukufu ukiingia wewe usiaibike. Na barua yako umeiandika, tazama tarehe uliyoiweka juu, katika wiki ya mwisho ya Shaaban. Umechukua futari ya wanao ukaitia katika pakacha linalovuja.

Aya uliyonitolea ni ya 27 katika Suratul Israa, na ni haki tupu. Ungesoma aya mbili mbele ungekutana na ile inayokataza mkono kufungwa shingoni na vilevile kukunjuliwa wote, nawe umefanya yote mawili: umeufunga kwa mkeo, umeukunjua barazani. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bakhili na hampi kinachomtosha, aliambiwa achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Kwa hiyo uangalie unapolitumia neno wizi juu ya kibaba cha unga. Fedha za maandazi ndizo kabisa hazikuhusu, kwani mali ya mke ni ya mke. Nami nikuulize la kwangu: zaka ya biashara unaitoaje? Mwaka ukitimia mfanyabiashara hukadiria bidhaa zake, na ikifika nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, akatoa sehemu moja katika 40, na wewe "hudhani kama zinafika" milioni 4. Aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Hukosi kuisikia.

Sitasema kuwa mkeo ni malaika. Sare ya harusi ya 45,000 aliyoinunua wakati nyumba haina mafuta ya kula ni upuuzi, na nyinyi wanawake mnaonisoma msijifiche nyuma ya mlango, kwa sababu siku hizi harusi moja ina sare ya kesha, sare ya kupamba na sare ya kumsindikiza biharusi, na ikishavaliwa mara moja inakwenda kulala sandukuni. Ndoa za sasa zimekuwa za kuonyeshana. Mume anachangia harusi ya mwenziwe ili jina lake lisomwe, mke anavaa sare ili picha yake ionekane katika simu za watu, na wawili hao hawajawahi hata usiku mmoja kukaa juu ya mkeka wakaambiana kilichoingia na kilichotoka. Bibi zetu walikuwa na mikufu wakiificha, lakini walijua pishi ngapi za mpunga zimo ghalani. Hata hivyo 45,000 haibebi lawama ya milioni 5, na ukinitajia sare tena nitakutajia pikipiki.

La dada yako nalijibu kwa ufupi: usithubutu. Wifi akishika ufunguo wa chakula cha nyumba ya kaka yake, utakuwa na matumizi ya nyumba mbili na amani ya nyumba hata moja hutaipata.

Utakachofanya ni hiki. Ijumaa hii usifungue duka hadi baada ya sala, na asubuhi yote uhesabu kila kitu kilichomo, hadi viberiti, kwa bei uliyonunulia, mkeo akiandika nawe ukitaja. Madeni yaandike kwa majina na kiasi, kisha kila mwenye jina asipate kilo nyingine mpaka alipe angalau nusu, na ukiona haya kumdai rafiki basi mwachie mkeo, hana rafiki barazani. Jipangie posho yako mwenyewe kama mwajiriwa wa duka, ndogo kwa sasa, na siku ikikwisha kahawa isubiri kesho. Unga na sukari viendelee kutoka dukani, lakini viandikwe kwa bei ya kununulia, viwe sehemu ya posho ya nyumba, ambayo nakutaka uipandishe baada ya yeye kukuorodheshea anachonunua kwa wiki mbili. Friji lifungiwe mita yake. Pikipiki, kama haibebi mzigo wa duka angalau mara tatu kwa wiki, tafuta mnunuzi, na fedha itakayopatikana igeuke mchele na sukari ifike rafuni siku hiyohiyo.

Na daftari likae kwake. Aliyeweza kuweka 2,000 kila siku kwa miezi 11 kutokana na maandazi ndiye mhasibu uliyekuwa ukimtafuta, na unalala naye nyumba moja.

Lakini hayo yote ni ya Ijumaa. Leo, kabla ya Magharibi, toa shilingi 660,000 dukani, zihesabu mara mbili, zirudishe katika kopo lilelile, na umwombe radhi watoto wakiwepo. Kisha niandikie tena, na safari hii mpe mkeo mwenyewe aisome barua kabla hujaituma.